Kidole na Kipanya: Historia Fupi ya Kioo cha Mguso

Hudhaniwa na wengi kwamba kipanya cha kompyuta ni chombo cha kale, na kwamba kioo cha mguso ni mrithi wake aliyezaliwa baadaye sana, pamoja na simu za mkononi za miaka hii. Tarehe zenyewe hazikubaliani na dhana hiyo. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka wa 1964 huko Menlo Park, katika jimbo la California, Marekani. Na habari za kioo cha mguso zilichapishwa Uingereza mwaka wa 1965. Vyombo hivi viwili ni vya rika moja. Lakini kimoja kilipata nafasi yake juu ya meza za ofisi duniani kote, na kingine kikakaa miaka arubaini kikitumika mahali pachache tu. Yafaa basi kuuliza kwa nini kidole, ambacho kila mtoto huelekeza nacho kabla hajajua kusema, kilitanguliwa na kipande cha mti chenye magurudumu. Na ni jambo gani lililobadilika hata kidole kikapata haki yake.

Katika siku za mwanzo kompyuta haikuwa na kitu cha kuelekezewa. Mtu aliipa kazi kwa kadi zilizotobolewa au kwa herufi za taipu, akangoja majibu yapigwe chapa juu ya karatasi. Haja ya kuelekeza ilizuka pale kompyuta ilipounganishwa na kioo cha rada. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walijenga mitambo ya ulinzi wa anga iliyoitwa SAGE. Askari waliokaa mbele ya vioo vyake walitazama nukta za nuru zilizokuwa alama za ndege. Na askari alipotaka habari za nukta fulani, aliilenga kwa chombo mfano wa bastola chenye uwezo wa kuhisi nuru. Kalamu ya nuru ilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na kwa kalamu hiyo Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT, alichora mistari na maumbo juu ya kioo kwa programu yake ya Sketchpad mwaka wa 1963. Kalamu haikutoa nuru, bali iliipokea. Kompyuta ilikuwa ikichora picha nukta baada ya nukta, na kalamu ilipohisi nuru, kompyuta ilijua ni mahali gani ilipokuwa ikichora dakika ile ile, yaani mahali palipoelekezwa. Ila ya kalamu hii ilikuwa katika mwili wa mtumiaji: sharti mkono uinuliwe hewani mbele ya kioo, na kila mara kalamu iokotwe na kuwekwa tena.

Kwa sababu kama hizo Douglas Engelbart, aliyekuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, alitafuta chombo kingine. Mwenzake Bill English alikiunda: kisanduku cha mti kinachoenea kiganjani, chini yake magurudumu mawili yaliyokaa kipembe, moja la kupima mwendo wa kwenda mbele na nyuma, la pili la kupima mwendo wa kando, na juu yake kitufe kimoja. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya mkutano wa wataalamu mjini San Francisco, na mwaka wa 1970 akapewa hataza yake.

Kabla ya maonyesho hayo, wawili hao pamoja na mwenzao mwingine walikuwa wamekwisha kuchapisha, mwaka wa 1967, matokeo ya majaribio yao. Walilinganisha kipanya na kalamu ya nuru, kijiti cha kuongozea, na hata chombo kilichofungwa chini ya meza kikasukumwa kwa goti. Watu waliozoea kazi walielekeza kwa kipanya upesi zaidi, tena kwa makosa machache. Lakini wageni wa kazi walifanya vema zaidi kwa kalamu ya nuru na kwa goti kuliko kwa kipanya. Matokeo haya mawili yafaa kukumbukwa pamoja, kwa kuwa historia yote iliyofuata imo ndani yake. Kuelekeza kitu penyewe kilipo humfaa mgeni. Kukielekeza kwa mbali, kwa kusukuma kisanduku mezani na kutazama kishale kikienda kiooni, humfaa aliyekwisha kujifunza. Kipanya humlipa mzoefu. Kidole humkaribisha asiyezoea.

Wakati huo huo E. A. Johnson, katika kituo cha serikali cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alikuwa akiishughulikia kazi ya waongozaji wa ndege. Mwongozaji ana mengi ya kuiambia kompyuta na muda mchache wa kuyasema, na kuandika kila neno kwa taipu humpotezea nafasi. Johnson alitandaza nyaya nyembamba juu ya kioo, na kando ya kila waya kompyuta iliandika jina la jambo lililoweza kuchaguliwa. Mtu alipogusa waya, umeme wa mwili wake ulibadili mizani ya umeme katika waya ule, na kompyuta ikatambua. Papo hapo majina ya kwanza yalifutwa, yakaandikwa mengine yaliyofuata kwa maana. Hapa ndipo penye ubunifu wa Johnson. Vitufe vya kawaida vina jina moja daima. Vitufe vyake vilibadili majina kwa kadiri ya kazi iliyopo, hata waya chache zikatosha kwa mambo mengi.

Kanuni hiyo ilifuatwa katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtambo mkubwa wa kuongeza kasi ya protoni, uitwao SPS, ulikuwa ukijengwa, nao ulihitaji chumba cha kuuongozea. Kwa desturi ya zamani chumba hicho kingejaa maelfu ya swichi na visu vya kuzungusha, kila kimoja na waya wake. Mwaka wa 1972 Bent Stumpe, kwa maombi ya Frank Beck, alipendekeza kioo chenye vitufe vya kugusa ambavyo majina yake yangeandikwa na kompyuta, na mtambo ulipoanza kazi mwaka wa 1976 vioo hivyo vilikuwa tayari. Lakini meza zile hazikuachiwa kidole peke yake. Pamoja na kioo cha mguso, Stumpe alitengeneza pia tufe la kuviringisha ili kupeleka kishale mahali hasa, na kisu cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza kiasi. Kidole kilichagua jambo. Tufe na kisu vilifanya kazi ya usahihi. Mafundi wale walikwisha kuona kwamba kuchagua na kulenga ni kazi mbili mbalimbali.

Ushahidi wa namna hiyo hiyo ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambako mtambo wa kufundishia uitwao PLATO IV ulianza kutumika mwaka wa 1972. Kioo chake kilikuwa na nukta 512 kwenda chini na nukta 512 kwenda kando. Pande zake zilizungushiwa taa ndogo za miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na kila taa ilikabiliwa na kihisi upande wa pili. Kidole kilipokaribia kioo kilikata miali miwili, mmoja wa wima na mmoja wa ulalo, na pale ilipokutana ndipo palipoguswa. Miali hiyo iligawa kioo katika miraba 16 kwa 16. Hesabu yake ni nyepesi: kila mraba ulifunika nukta 32 kwa 32, yaani nukta 1,024, na kidole hakikuweza kutofautisha hata moja yao na jirani yake. Kwa mwanafunzi aliyeambiwa aguse jibu sahihi miongoni mwa manne, jambo hili halikuwa na dhara lo lote. Kwa mtu aliyetaka kuweka alama kati ya herufi mbili, lilikuwa kizuizi kamili.

Njia ya kupunguza upungufu huo ilifunguliwa na Sam Hurst katika Chuo Kikuu cha Kentucky, ambaye mwaka wa 1971 alianzisha kampuni ya Elographics. Chombo chake kilikuwa na tabaka mbili zipitishazo umeme, zimeachana kidogo. Zikibonyezwa hugusana, na kiasi cha umeme kinachosomwa mahali pa kugusana huonyesha umbali wa mahali hapo kutoka pembeni. Katika miaka ya 1970 tabaka hizo zilitengenezwa kwa vitu vinavyopenya nuru, zikaweza kuwekwa juu ya kioo cha picha. Hapakuwa tena na waya wala miraba ya kuhesabu. Kila mahali palikuwa na kipimo chake.

Lakini pamoja na uhuru huo likaja tatizo jipya, ambalo kila aliyepata kufunga kioo cha namna hii katika kompyuta ya mezani amelikuta. Tabaka la chini huonyesha picha, tabaka la juu huhisi mguso, na hakuna linalojua habari za mwenzake. La juu likiwa limesogea kidogo, au limekaa upogo, au vipimo vyake si sawa na vya picha, mtu atagusa hapa na kishale kitatokea kule. Dawa yake ni kulinganisha. Kompyuta huchora msalaba mdogo, mtu akaugusa katikati. Huchora wa pili mahali pengine, kisha wa tatu. Kuhama, kutanuka na kupinda kwa tabaka moja juu ya jingine huelezwa kwa tarakimu sita. Kila msalaba hutoa mbili, moja ya upana na moja ya urefu. Kwa hiyo misalaba mitatu isiyokaa katika mstari mmoja yatosha, na ya nne huongezwa ili kusahihisha mkono uliotetemeka. Kazi hiyo haiishi milele. Picha ikigeuzwa wima, mguso nao hauna budi kugeuzwa. Na kompyuta ikiwa na vioo viwili, huenda mguso wa kioo kimoja ukatandazwa juu ya vyote viwili, hata kidole kikigusa katikati ya cha kushoto, kishale kikaruka mpakani mwa viwili. Sharti kompyuta iambiwe wazi mguso huu ni wa kioo kipi.

Kulinganisha kukiisha, lilibaki jambo kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 programu nyingi zilitungwa kwa ajili ya kipanya, na zilitazamia habari za kipanya tu: kishale kiko wapi, na kitufe kimebonyezwa au kimeachwa. Basi programu ndogo iliyounganisha kioo na kompyuta ilipeleka habari za mguso kana kwamba ni za kipanya. Kidole kilifanywa kaimu wa kipanya. Na kama ilivyo kwa kila kaimu, kilihukumiwa kwa kazi za mwenye cheo. Kipanya chaweza kupeleka kishale juu ya kitu bila kukibonyeza, hata maelezo ya kitu hicho yakatokea. Kidole ama kimegusa ama hakikugusa. Kipanya kina kitufe cha pili cha upande wa kulia. Kidole hakina, hata ikabidi kukaa juu ya kitu kwa muda kuhesabiwe badala yake. Kipanya kikibofya mara mbili hubofya pale pale. Kidole cha pili hakiangukii palipoanguka cha kwanza, na nafasi ya kusamehewa sharti ipanuliwe. Zaidi ya hayo, kishale hakifichi kinachoelekezwa, na kidole hukifunika.

Kwa sababu hizo wengi walikata shauri kwamba kidole ni kinene mno kwa kazi ya kompyuta. Hukumu hiyo ilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Maryland na Ben Shneiderman na wenzake. Mwaka wa 1988 walichapisha jaribio la namna tatu za kupokea mguso. Katika namna ya kwanza, mahali kidole kilipotua ndipo palipochaguliwa. Katika ya pili, kidole kiliweza kuteleza, na kitu cha kwanza kukutana nacho kikachaguliwa. Katika ya tatu, kishale kilionekana juu kidogo ya ncha ya kidole, mtu akakiongoza mpaka juu ya kitu, na uchaguzi ukafanyika pale tu alipoinua kidole. Namna hii ya tatu ilikuwa na makosa machache kuliko nyingine. Mwaka wa 1991 Andrew Sears na Shneiderman walilinganisha kioo na kipanya kwa miraba yenye upande wa nukta 32, 16, 4, na hata nukta 1. Kuanzia nukta 32 mpaka 4 haikuonekana tofauti ya utendaji kati ya vyombo hivyo, na programu ya kutuliza mtetemo wa mguso ilipunguza makosa katika shabaha ndogo. Mraba wa nukta 4 ulikuwa kama robo ya herufi moja. Ilidhihirika hivyo kwamba ila haikuwa ya kidole peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa ya programu iliyokipokea kidole.

Ila moja tu haikuponywa na programu, nayo ni ile ile ya kalamu ya nuru. Mwaka wa 1983 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-150, kompyuta ya mezani yenye kioo kilichozungukwa na miali ya infraredi. Mtu aliyekuwa akiandika kwa taipu alipaswa kuondoa mkono, kuuinua, kugusa kioo kilichosimama mbele yake, na kuurudisha. Kufanya hivyo mara moja ni wepesi. Kufanya hivyo kutwa nzima ni mzigo wa bega. Kipanya hukaa mezani, na mkono ukakaa nacho. Kioo cha wima juu ya meza ya karani hakikuweza kushindana na raha hiyo.

Ushindi wa kidole ulikuja wakati kioo kilipoacha meza. Tangu mwaka wa 1982 ilionyeshwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kwamba kompyuta yaweza kutambua vidole vingi kwa pamoja. Baadaye Wayne Westerman na John Elias wa Chuo Kikuu cha Delaware walitengeneza vibao vya kugusa kwa vidole vingi, na kampuni yao ya FingerWorks ilinunuliwa na Apple mwaka wa 2005. Tarehe 9 Januari 2007 Apple ilitangaza simu yake ya iPhone. Kioo chake kilihisi umeme wa kidole bila kubonyezwa, kililinganishwa kiwandani, na mwenyewe hakuulizwa misalaba. Lakini jambo lenye uzito zaidi ni kwamba programu zake hazikutungwa kwa kipanya. Hapakuwa na kishale. Vitufe vilipimwa kwa upana wa ncha ya kidole. Orodha ilisukumwa kama karatasi. Picha ilitanuliwa kwa vidole viwili, jambo ambalo kipanya hakikuliweza kamwe. Na simu ikishikwa kiganjani, bega halichoki. Kidole kilikoma kukaimu, kikapewa kazi yake chenyewe.

Kosa la kinyume nalo lilitokea. Mwezi wa Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, ambayo ilibeba sura ya kioo cha mguso ikaiweka hata katika kompyuta za mezani zenye kipanya tu. Kitufe cha kuanzia kazi, kilichozoeleka tangu mwaka wa 1995, kiliondolewa. Malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka wa 2013 kitufe kikarudishwa, na mwaka wa 2015 orodha yake ikarudi katika Windows 10. Safari hii kipanya ndicho kilichofanywa kaimu wa kidole, nacho kikahukumiwa vibaya vile vile.

Kwa Afrika ya Mashariki historia hii ina maana ya peke yake. Huko watu wengi waliifikia intaneti kwanza kwa simu, wala hawakupata kukaa mbele ya kompyuta ya mezani. Mkulima au mfanyabiashara aliyefungua programu kwa kidole hakupitia shule ya kipanya. Alikuwa yule mgeni wa kazi wa majaribio ya mwaka wa 1967, na safari hii chombo kilimkubali alivyo. Hata lugha inashuhudia. Kiswahili kilipohitaji jina la chombo kile kilifuata mfano wa wengine, wakasema wengine kipanya na wengine puku. Lakini kwa kitendo chake kilichukua neno lake chenyewe, kubofya. Na kubofya, katika matumizi ya zamani, ni kubonyeza kitu laini kwa kidole, kama mtu abofyavyo embe kuona kama limeiva. Neno la kidole liliazimwa na kipanya, na siku hizi, mtu anapobofya kioo cha simu yake, limerudi kwa mwenyewe.

Alhasili, historia ya vyombo hivi haionyeshi kwamba kimoja ni bora na kingine ni duni. Mchoraji wa ramani na mhariri wa picha wangali wanahitaji ncha nyembamba ya kishale na mkono uliotulia mezani. Na mtu mwenye haja ya kuchagua, kusoma na kutuma habari hana haja ya zaidi ya kidole. Mwenye kutaka kuweka kioo cha mguso mahali pa kipanya aweza kukilinganisha barabara, akakipa kitufe cha kulia kwa mguso wa kukawia, akakuza herufi na vitufe, na bado akaona dhiki, ikiwa programu iliyo nyuma ya kioo ingali inamngoja kipanya. Kwa miaka arubaini ilisemwa kwamba vidole vya watu ni vinene mno. Vidole havikupungua tangu wakati huo. Vitufe ndivyo vilivyoongezwa.